Pauni Iitwayo Bi Shungi

Shangazi yangu, Tatu binti Kitwana, aliolewa mwaka 1950 akiwa na kidani cha pauni saba za dhahabu shingoni, na siku ya nane akavuliwa. Hakikuwa chake. Kilikuwa cha mama mmoja wa Gerezani ambaye dhahabu yake ilikuwa imevaliwa na maharusi wa mitaa mitatu. Desturi ilikuwa kwamba fungate ikiisha, kidani kinarudi kwa mwenyewe pamoja na sahani ya halua. Yule mama alikuja mwenyewe kukichukua. Shangazi alinieleza miaka mingi baadaye kwamba mikono ya yule mama ilikuwa ya moto ilipofungua kishikizo nyuma ya shingo yake, lakini kidani kilipoondoka yeye alisikia baridi, na ilikuwa saa saba ya mchana.

Mumewe, Mrisho Safari, alikuwepo. Alikuwa fundi katika duka la sonara mmoja wa Uhindini, kijana mpole, vidole vyake vina makovu madogo madogo ya moto. Alipoona mkewe amejishika shingo akamwambia, "Cha kwako nitakutengeneza mwenyewe. Nipe muda."

Shangazi akampa muda. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili, wa tano. Walikuwa wamepanga chumba kimoja katika nyumba ya Mtaa wa Mchikichi, vyumba sita na ukumbi katikati, na kila mpangaji alijua kazi ya Mrisho. Mfinyanzi hulia gaeni, watu walisema, na wengi walisema kwa huruma. Siti, mpangaji wa chumba cha ng'ambo ya ukumbi, hakuwa na huruma kwa sababu alikuwa mtani. Yeye Mzaramo, shangazi baba yake Mnyamwezi, kwa hiyo hakuna neno lililokatazwa kati yao. Kila walipokwenda bombani alimwambia ajifunike kanga vizuri, shingo yake isije ikaonekana tupu kama ya jogoo aliyenyonyolewa. Shangazi alicheka na kumrudishia lake. Halafu kweli alijifunika.

Ni lazima nieleze kazi ya Mrisho, maana bila hiyo hakuna kinachoeleweka.

Pauni za dhahabu za Waingereza, zile za zamani, zilikuwa zimeenea pwani yote tangu enzi za mabibi zetu. Hazikuwa fedha ya kununulia unga. Ni ndogo, ukubwa wake kama thumuni, lakini nzito kuliko zinavyoonekana. Mtu akiipata aliipeleka kwa sonara itiwe kipete juu, ipitishwe mkufu, ivaliwe. Kazi ya Mrisho ilikuwa hicho kipete. Aliketi nyuma ya duka na taa yake na mrija wa kupulizia moto, akakilehemu kipete kwenye ukingo wa pauni, akaisugua, akaipeleka mbele kwa tajiri wake. Alifanya hivyo siku sita kwa juma.

Mafundi wa duka lile hawakusoma maandishi ya kwenye pauni, wakazipa majina kwa sura. Kulikuwa na Mwari, malkia angali msichana, nywele zimefungwa utepe. Kulikuwa na Bi Taji, malkia yuleyule amenenepa kidogo, na taji dogo limekaa juu ya kichwa kama kikombe cha kahawa kilichosahauliwa. Halafu Bi Shungi, amezeeka sasa, amejitanda shungi lake mpaka mabegani. Kisha mwanawe, Bwana Kipara, ambaye hutazama upande wa pili. Kisha mjukuu, Bwana Ndevu. Ukoo mmoja, vizazi vitatu, sura tano. Majina hayo yalikuwa ya mafundi peke yao na hayakutoka nje ya karakana, ila kwa mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa Polycarp, Mchaga mwenye duka la mablanketi karibu na soko la Kariakoo. Zamani aliwahi kuwa mtumishi wa nyumbani kwa Mzungu mmoja aliyekusanya sarafu, na kule alijifunza mambo ambayo kwetu hakuna aliyeyajua. Pauni hushikwa ukingoni, si usoni. Haisuguliwi kwa jivu wala ndimu. Na pauni ikishaona lehemu imekufa. Dhahabu ipo, lakini kwa mkusanyaji yenyewe imekufa. Polycarp alimweleza Mrisho hayo siku alipoleta saa ya marehemu baba yake itengenezwe mkufu. Mrisho, ambaye alikuwa ameshaziua mamia kwa mkono wake, hakulala vizuri juma zima.

Akaanza kuziokoa. Pauni safi ikija dukani, mwenyewe akitaka kuiuza badala ya kuivaa, Mrisho aliomba tajiri wake amkate mshahara polepole. Kwa miaka minne akapata Mwari, Bi Taji, Bwana Kipara na Bwana Ndevu. Akazifunga kila moja katika karatasi ya shashi, akaziweka katika mkebe wa sigara, na mkebe akauficha juu ya kabati nyuma ya sanduku la nguo. Polycarp naye alikuwa na nne kama hizo. Wote wawili walikosa Bi Shungi. Kila Bi Shungi aliyeingia dukani alikuwa na kipete tayari, au ametobolewa, kwa sababu yeye ndiye aliyefika pwani wakati mabibi zetu wanaolewa.

Mkewe hakujua lolote katika hayo. Mrisho hakuwa mwongo. Nadhani alijua tu kwamba siku akifungua mkebe ule mbele yake, swali la kwanza litakuwa lipi.

Basi mwaka 1956, alasiri moja baada ya sala, Mrisho na Polycarp walikuwa wameketi barazani. Shangazi alikuwa ndani akikunja nguo. Dirisha la chumba lilikuwa juu ya vichwa vyao.

"Nimempata Bi Shungi," Mrisho alisema.

Polycarp akauliza upesi, "Wapi?"

"Mtaa wa Sikukuu. Kwa mama mmoja mjane, mtu wa kwenu Moshi, anaitwa Agnesi."

"Ameguswa?"

"Hajaguswa. Amefichwa ndani miaka yote. Uso umetulia, Polycarp, utasema kazaliwa jana."

"Na mama anakubali kumtoa?"

"Anasema nisubiri mpaka binti amalize mafunzo ya uuguzi, mwezi wa sita. Nimeshatoa kishika mkono."

Shangazi alisema alibaki na kanzu ya mumewe mikononi, mkono mmoja umekunjwa na mwingine unaning'inia. Alisikia Polycarp akipumua kwa nguvu kama mtu aliyeonewa.

"Una bahati wewe. Mimi ningemchukua hata kwa deni. Na mkeo anajua?"

"Bado. Nitamwambia akishaingia ndani."

Kumbuka kwamba kwa sheria yao Mrisho aliruhusiwa. Hakuna aliyemnyima mwanamume wa Kiislamu mke wa pili, na Tatu alikuwa amekaa miaka sita bila kushika mimba. Alijua majirani wangesema nini. Wangesema, mume amevumilia. Kwa hiyo hakupiga kelele. Alimaliza kukunja kanzu.

Kesho yake akaenda Mtaa wa Sikukuu. Alijifanya anatafuta mtu wa kumshonea gauni. Nyumba ya mjane Agnesi haikuwa ngumu kuijua: picha ya Bikira Maria juu ya mlango na jani la mchikichi limekaukia pale tangu Jumapili ya Matawi. Akasimama upande wa pili wa barabara kwenye kivuli cha ukuta. Haukupita muda, mlango ukafunguliwa, akatoka msichana wa miaka ishirini hivi, gauni jeupe, na kichwani kitambaa cheupe cha wauguzi kimefungwa kwa nyuma na kuteremka mpaka mabegani.

Shungi, alijisemea moyoni. Shungi lenyewe hilo.

Jina la msichana lilikuwa Candida. Alikuwa na shingo ndefu, na shingoni msalaba mdogo wa fedha. Shangazi aliutazama ule msalaba kuliko alivyoutazama uso. Hata huyu, alifikiri, hajaolewa bado na ana kitu shingoni.

Alirudi mara nne au tano katika miezi ile. Mara moja alivaa kanga mpya makusudi, jina lake "Cha mwenzio usikitolee macho", akapita mbele ya Candida taratibu, kisha akageuka akapita tena, ili maandishi yasomeke vizuri. Candida alisimama, akakunja magoti kidogo kama walivyofundishwa shuleni.

"Shikamoo, mama."

Shangazi alikuwa na miaka ishirini na sita. Akaitikia marahaba, maana ungemfanyaje mtu aliyekuamkia, na akarudi nyumbani amevunjika zaidi kuliko kama angetukanwa.

Wivu humfanya mtu mwanafunzi mwenye bidii. Tatu alijifunza kila kitu cha mumewe upya. Alinusa mashati yake. Alihesabu dakika kutoka Uhindini mpaka Mchikichi, kwa njia ya Mnazi Mmoja na kwa njia nyingine. Alimwona amechangamka, anaimba akioga, anakata kucha zake kwa uangalifu. Aliamua jambo moja tu: kwamba hatamwacha aingize mtu kwa mlango wa uani kama mwizi. Kama ni kuja, aje mbele, amkaribishe yeye mwenyewe, watu waone kwamba Tatu binti Kitwana amelelewa.

Mwezi wa sita ukafika. Ijumaa moja asubuhi Mrisho alivaa kanzu nyeupe na kofia aliyoolea, akasema baada ya sala atapitia Mtaa wa Sikukuu. Alisema wazi kabisa, bila kuficha, na uso umejaa furaha.

Tatu alifagia chumba mara mbili. Alitandika mkeka mpya. Alipika wali wa nazi na kuku, akachoma udi. Siti alikuja mlangoni kunusa, akauliza mgeni ni nani, akaambiwa, "Mke mwenzangu." Kwa mara ya kwanza Siti hakupata la kumtania. Akarudi chumbani kwake akaacha mlango wazi nusu.

Mrisho alirudi saa nane, peke yake. Alivua viatu akaingia, akauona mkeka, sahani, udi.

"Yuko wapi?" Tatu aliuliza.

"Nani?"

"Bi Shungi. Mwambie aingie asisimame juani. Nimeshapika."

Mrisho alimtazama mkewe, akatazama mkeka, akatazama tena mkewe. Taratibu akaingiza mkono katika mfuko wa kanzu, akatoa kitu kilichofungwa katika shashi, kidogo kuliko tende.

"Yumo humu," alisema.

Siti alisimulia mtaa mzima jinsi kicheko kilivyotoka chumbani mle, kwanza cha mume, kisha cha mke, kisha cha mke peke yake, kirefu, mpaka kikabadilika kikawa kilio. Siti mwenyewe akala wali uliobaki. Jambo lingeishia hapo, na lingekuwa jambo la kuchekesha tu. Mrisho nadhani aliamini limeishia hapo. Alipanda juu ya kiti akateremsha mkebe, akatandaza kitambaa safi, akazipanga zote tano kwa mstari, akamwonyesha mkewe ukoo ule sura kwa sura. Alieleza jinsi mjane Agnesi alivyomweka Bi Shungi kama akiba mpaka binti amalize mafunzo, kwa sauti ambayo Tatu hakuwa ameisikia tangu fungate.

Tatu alinyoosha mkono amwokote Bi Shungi. Mrisho akamzuia upesi.

"Usimguse uso. Shika ukingoni."

Akaurudisha mkono.

"Ziko tano," alisema baadaye. "Hiki si kidani, Mrisho? Kidani kizima kimekaa katika mkebe wa sigara."

"Cha kwako kitakuwa cha pauni nyingine. Hizi hazitiwi kipete."

"Kwa nini?"

"Zikitiwa kipete zinakufa."

"Na zile za dukani?"

"Zile zimekufa. Mimi ndiye niliyeziua. Ndiyo maana nataka hizi tano zibaki hai."

Tatu aliutazama uso wa yule bibi mzee wa Kizungu, pua kali, shungi limemwangukia begani, hana habari na mtu.

"Mimi nami niliingia humu sijaguswa," alisema. "Hukunifunga katika shashi."

Mrisho alianza kuzifunga, moja moja, akikunja pembe za karatasi zilingane.

Hapo ndipo wivu wenyewe ulipoanza. Ule wa kwanza ulikuwa na dawa: ungeweza kumwona msichana, ukampima, ukajiambia miguu yake si mizuri. Huu wa pili haukuwa na dawa. Kila Ijumaa Mrisho aliteremsha mkebe. Alikuwa ameazima kioo cha Polycarp cha kukuzia, akakiweka jichoni, akainama juu ya Bi Shungi mpaka pumzi yake ikawa ya taratibu kama ya mtu aliyelala. Tatu aliketi kitandani akimtazama. Alisuka nywele mtindo mpya akakaa siku tatu, mumewe hakusema neno. Lakini siku moja alipofuta vumbi juu ya kabati, mkebe ukasogea upana wa kidole, Mrisho alipoingia tu akauliza nani ameugusa.

"Ningekuwa na mke mwenza," aliniambia, "tungegombana, tungepatana, angezaa ningelea. Huyu nilimfanyeje? Hali, halali, hazeeki."

Mwishoni mwa mwaka ule mdogo wa Siti aliposwa, harusi ikapangwa Jumamosi. Wanawake wa nyumba wakaanza maneno ya nguo na dhahabu: nani atavaa nini, nani ataazima kwa nani. Tatu alimwomba Mrisho mara moja tu. Alisema siku moja, Mrisho, nusu siku, nimvae Bi Shungi nimrudishe. Mrisho akamweleza kwa upole kwamba havaliki bila kipete. Akasema atamwazimia kidani cha yule mama wa Gerezani.

Kidani cha Gerezani ndicho kilichomaliza subira yake. Jumatatu, Mrisho alipokwenda kazini, Tatu alipanda juu ya kiti. Alifungua shashi, akamtoa Bi Shungi, akamshika kwa kiganja kizima, akafunga kiganja. Akamtia katika pindo la kanga akafunga fundo, akamwita Siti. Alimwambia ni pauni ya marehemu bibi yake, imeletwa kutoka Tabora. Aipeleke kwa sonara yeyote ikatiwe kipete kabla ya Jumamosi, isipokuwa kwenye duka la Mrisho, kwani anataka kumshtua mumewe.

Siti akaenda. Duka la kwanza wakasema juma zima. La pili wakasema wiki mbili. Na Siti, kama alivyojitetea baadaye, aliona ni upumbavu kumpa mtu baki kazi ambayo mume wa mwenzake anaifanya kila siku. Na mtani gani asiyependa kuharibu siri ya mtani wake? Akaingia duka la tatu, akapita mpaka nyuma, akafungua fundo mbele ya Mrisho.

"Mkeo alitaka kukushtua," akamwambia, "nami nimemtangulia."

Alirudi nyumbani adhuhuri akamweleza Tatu yote, akicheka. Alisema Mrisho aliipokea kwa ncha za vidole. Akaigeuza upande wa mpanda farasi anayeua joka, akaigeuza tena upande wa bibi. Akakaa nayo hivyo mpaka fundi mwenzake akamuuliza kama anaumwa. Kisha akauliza kipete kikae wapi.

"Nikamwambia, kwani hukaa wapi? Juu ya kichwa cha bibi. Mbona unanikodolea macho, Tatu? Kesi gani kujua leo au Jumamosi?"

Tatu alikaa chini palepale ukumbini. Alikuwa ameona wanawake wakipewa talaka kwa chakula kilichoungua. Aliingia chumbani akatoa sanduku lake la nguo, akalifungua, akaweka ndani kanga zake, akazitoa, akaziweka. Alifikiri, nikifukuzwa nitakwenda kwa kaka Ilala, na kaka ataniuliza nimefanya nini, nami nitasema nimeua sarafu. Hakuweza hata kucheka.

Mrisho alirudi saa yake ya kila siku. Alinawa, akala. Aliliona sanduku liko wazi, akalizunguka. Alipomaliza kula akatoa mfukoni kifurushi cha shashi.

"Siti aliniletea kazi yako. Nimeimaliza."

Tatu alifungua. Alijua kidogo kazi hiyo kwa kuwa mke wa fundi, na aliniambia hakuwahi kuona, kabla wala baada, kipete kilichotiwa vizuri namna ile. Lehemu haikuonekana. Ilikuwa kama Bi Shungi alizaliwa nacho. Na Mrisho alikuwa ameupitisha mkufu mwembamba wa dhahabu, ambao haukuwa umeagizwa na mtu.

"Umekasirika?" aliuliza.

"Kazi niliyoletewa nimeifanya." Halafu akasema, "Geuka."

Akageuka. Mrisho alifunga kishikizo nyuma ya shingo yake. Vidole vyake vilikuwa vya moto, na Tatu alisimama bila kutikisika mpaka vilipoondoka.

"Imekukaa," alisema Mrisho, akatoka kwenda barazani.

Jumamosi ile wanawake walimzunguka. Siti alitangaza mbele ya watu kwamba jogoo ameota manyoya, na wazee wakaomba kuishika pauni, wakaishika usoni, kwa vidole vyenye mafuta ya pilau, na Tatu hakumkataza mtu. Alisema ilikuwa siku ya furaha. Alisema pia kwamba kila aliyeigusa, yeye alitazama mlango wa ukumbi wa wanaume.

Zile nne zilizobaki Mrisho alimpelekea Polycarp. Alisema ukoo umeshavunjika, havutiwi tena. Polycarp aliposikia habari ya Bi Shungi alikaa juu ya marobota yake ya mablanketi akasema, "Wamemuua, masikini," na machozi yakamlengalenga. Mrisho hakumlaumu, lakini aliona kitu kingine katika uso ule, kitu chepesi kama mtu aliyetua mzigo. Polycarp sasa hakuwa na haja ya kumwonea mtu wivu.

Mume na mke hawakuachana. Waliishi pamoja miaka thelathini na moja zaidi. Mwaka 1958 walimpata binti, wakamwita Sitara, na Mrisho alizeeka katika karakana ileile ingawa duka lilibadili wenyewe. Shangazi hakuivua ile pauni hata alipokwenda kujifungua. Watu wa mtaani walisema Mrisho alikuwa mume wa mfano, kwa sababu hata uzeeni hakuacha kumtazama mkewe. Wakiwa wameketi barazani jioni, macho yake yalikuwa hapo hapo, chini ya kidevu chake. Mimi mwenyewe nimeyaona. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu nikidhani nimeona mapenzi.

Nilimwambia shangazi hivyo siku moja, Mrisho akiwa ameshafariki. Aliishika ile pauni kwa kiganja kizima, kama kawaida yake.

"Pauni ina tabia ya kugeuka," alisema. "Unatembea, unapika, inageuka, mpanda farasi anakuja mbele na bibi anabaki kwenye ngozi. Basi mjomba wako alikuwa akiiona imegeuka, huja. Anaacha anachofanya, anakuja mpaka hapa nilipo, ananyoosha mkono. Mimi nafumba macho." Akanionyesha kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, jinsi alivyokuwa akifanya. "Anamgeuza uso utazame mbele, anarudi kuketi. Miaka yote hiyo, mwanangu, anamshika ukingoni. Hata mara moja kidole chake hakikukosea kikanigusa mimi."